Kunuka na Kunukia

Katika miaka 38 niliyofundisha, sikuchoka hata siku moja kufundisha sarufi, na katika sarufi nzima hakuna jozi ya vitenzi niliyoipenda kama kunuka na kunukia. Kila mwaka niliiandika ubaoni. Samaki aliyeoza ananuka, asumini inanukia. Nilikuwa nikiwaambia watoto kwamba lugha yetu ni tajiri kiasi hiki, kwamba sauti moja ndogo iliyopenyezwa katikati ya neno imeugeuza uvundo ukawa manukato. Nao walicheka, maana katika kila darasa hakosekani mtoto mmoja wa kutwishwa mfano wa kwanza.

Kitenzi hicho hicho ndicho nilichomsahihishia mke wangu siku moja mwaka 1983, sebuleni kwetu Tanga. Nilikosea, nikakaa na kosa langu zaidi ya miaka thelathini bila kulijua.

Mwaka huo nilipata bahati ya kwenda Uingereza kwa kozi ya miezi mitatu ya walimu wakuu. Safari ya kurudi ilipitia Paris, tukangoja ndege kwa saa kadhaa. Wenye umri wangu wanaukumbuka mwaka 1983 ulivyokuwa Tanzania. Ndio mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, na walioikosa walifua kwa majani ya mpapai. Mtu mwenye akili angerudi na begi limejaa sabuni na dawa ya meno. Mimi nilikuwa nimenunua vipande sita vya sabuni, nami nikajiona nimekwisha kutimiza wajibu. Fedha ya posho iliyobaki nikaingia nayo katika duka la manukato pale uwanjani.

Sikujua lolote kuhusu manukato ya Kizungu. Nilichovutiwa nacho ni chupa. Ilikuwa na kizibo cha njiwa wawili waliokaribiana kama wanaonong'onezana, na kioo chake kimesokotwa kama kitambaa kilichokamuliwa. Dada muuzaji alinipulizia kidogo kwenye kipande cha karatasi, akakipunga, akanipa. Nilinusa kitu laini, chenye maua mengi ambayo sikuweza kulitaja hata moja, chenye upoaupoa wa nguo zilizopigwa pasi. Nikasema moyoni, hivi ndivyo Ulaya inavyonukia. Nikalipa.

Manukato hayo yanaitwa L'Air du Temps, ya nyumba ya mitindo ya Nina Ricci ya Paris. Baadaye sana ndipo nilipopata kusoma habari zake. Yalitungwa mwaka 1948 na mtaalamu aitwaye Francis Fabron, miaka mitatu baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika, na njiwa wale walichongwa na Marc Lalique mwaka 1951. Watu wengi waliwaona ni njiwa wa amani, na si ajabu, kwa jinsi Ulaya ilivyokuwa imetoka kuungua. Ni miongoni mwa manukato ya maua yaliyopata kupendwa sana duniani, na hadi leo yanauzwa. Nyumbani kwetu hakuna aliyeweza kulitamka jina lake, kwa hiyo yaliitwa "ya njiwa", na mpaka sasa yanaitwa hivyo.

Nilifika usiku. Asubuhi, watoto walipokwisha kugawiwa peremende zao, nikamkabidhi mama yao kile kiboksi. Alikifungua polepole, akawatazama njiwa, akatabasamu. Akajipulizia mara moja kwenye kiganja, akanusa. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, kwa ile lafudhi yake ya Pemba ambayo miaka ya Tanga haikuwahi kuifuta:

"Mbona yanuka karafuu?"

Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Kwanza, mama watoto, si yanuka, ni yanukia. Pili, hayo ni maua ya Ulaya. Karafuu itoke wapi Paris?"

Akasema, "Haya, Mwalimu." Akaiweka chupa juu ya kabati.

Aliponiita Mwalimu tukiwa peke yetu ilikuwa na maana yake, lakini asubuhi ile sikusikiliza.

Kuanzia hapo akawa anajipulizia. Si kila siku, la. Alikuwa akitumia siku za harusi, Idi, na siku nilizorudi kutoka safarini. Chupa ya kwanza ilidumu miaka mitatu. Ilipokwisha nikamwagiza mwenzangu mmoja aliyekwenda ng'ambo. Biashara ilipofunguliwa, katika miaka ya mwishomwisho ya themanini, vitu vya Dubai vikaanza kumiminika, nikawa naipata bila taabu Dar es Salaam. Kwa hesabu yangu nilimnunulia chupa si chini ya kumi. Mwanamume akishapata zawadi moja aliyoambiwa asante kwayo huacha kufikiri. Hununua hiyo hiyo mpaka kaburini.

Wanawake wa pale nyumbani na jirani kila mmoja alikuwa na neno lake, na mimi nilikuwa nikiyasikia maneno yao kama burudani. Dada yangu hakutaka hata kuigusa. Yeye ni mtu wa mafuta: asumini, udi, miski, vitu vya kupaka kwa ncha ya kidole nyuma ya sikio. Manukato ya kupuliza kwake yalikuwa spiriti, na spiriti ni pombe, na pombe haiingii kwenye nguo ya kuswalia. Nilimwambia kwamba masheikh wamehitilafiana juu ya jambo hilo. Akanijibu kwamba pua yake haijahitilafiana na mtu. Mwalimu mwenzangu mmoja, aliyekuwa akifundisha sayansi kimu, aliipulizia mkononi siku ya maulidi, akasema inanukia kama mtoto mchanga aliyetiwa poda. Alisema kwa kusifu, kwa kuwa mwenyewe alikuwa akitafuta mtoto. Jirani yetu wa upande wa pili akasema la, ni harufu ya sabuni ya wageni, ile ya hotelini. Mwingine alilalamika kwamba haikai. Ukifika harusini imekwisha kukuaga. Na mwingine aliyeazima kwa harusi ile ile alirudi alfajiri akiapa kwamba bado anajisikia.

Nilidhani wakati ule kwamba ni porojo za wanawake. Sasa najua kwamba wote walikuwa wakisema kweli. Manukato ya namna ile si harufu moja. Ni vitu vingi vilivyochanganywa kwenye alkoholi, na kila kimoja kina mwendo wake wa kuruka. Vile vyepesi huondoka kwanza katika dakika chache. Vya katikati hukaa saa kadhaa. Vizito hung'ang'ania nguo mpaka kesho yake. Anayenusa kizibo na anayenusa kanga asubuhi ya pili wamenusa vitu viwili. Tena ngozi ya mtu huongeza yake, kwa joto lake na mafuta yake. Tena pua zenyewe hazikuumbwa sawa: wapo watu wenye pua nzima kabisa wasioweza kusikia baadhi ya miski za maabara, hata umwage chupa mbele yao. Yule aliyesema imekwisha kumuaga, huenda ilikuwa bado ipo naye, wakaisikia wenzake, yeye asiisikie.

Lakini haya yote ni ya pembeni. Nirudi kwa mke wangu.

Alifariki mwaka 2016, baada ya kuugua miezi minne. Dada yake alikuja kutoka Pemba, akakaa nasi mpaka arobaini ikapita. Siku moja walikuwa chumbani na binti yangu wakipanga nguo za marehemu, za kugawa na za kubakiza. Shemeji akaikuta chupa ya njiwa, imebaki kama robo. Akaipulizia hewani, akasita, akatoka nayo mpaka barazani nilipokuwa nimeketi.

"Shemeji, hii ndiyo aliyokuwa akijitia?"

Nikasema ndiyo, miaka yote.

"Naye alikubali? Na karafuu yote hii?"

Nilitaka kumjibu vilevile nilivyojibu mwaka 1983. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Sijui ni kitu gani kilichonizuia. Labda kule kusikia sentensi ile ile, kwa lafudhi ile ile, kutoka kwa mtu aliyefanana naye pua na paji la uso. Nikamwambia aketi.

Akanieleza habari ambayo nilikuwa nikiijua nusu. Nilijua kwamba walizaliwa ndugu wanane, na kwamba mmoja, kaka yao, alifariki mdogo. Niliambiwa aliugua. Hakuugua. Alianguka kutoka kwenye mkarafuu. Ilikuwa katika msimu, mke wangu akiwa na miaka tisa hivi. Watoto walikuwa wakitolewa shuleni kwenda kuchuma. Wakubwa wakipanda, wadogo wakikaa chini kuchambua, yaani kuitenga karafuu na makonyo yake. Asiyewahi kuuona mkarafuu aufikirie mti unaoweza kufika mita kumi na zaidi, ambao matawi yake huvunjika ghafla bila kutoa onyo. Kaka yao alikuwa na miaka kumi na minne. Mke wangu ndiye aliyekuwa chini ya mti ule, na kikapu mapajani, na vidole vimejaa harufu ile ambayo haitoki kwa maji wala kwa ndimu.

"Toka siku ile hakutia karafuu jikoni kwake," shemeji alisema. "Hukuona?"

Nilikuwa sikuona. Nimekula pilau ya mkono wake miaka arobaini. Ilikuwa na bizari, iliki, mdalasini na pilipili manga. Nikiwa ugenini nilikuwa nikiwaambia watu kwamba pilau ya nyumbani kwangu ni tofauti na zote za pwani nzima, nami nilikuwa nikijisifia.

Hata hivyo bado nilikuwa na ubishi wa mwalimu. Nilijiambia kwamba dada wawili wenye msiba mmoja wanaweza wakasikia karafuu mahali isipokuwepo. Maua ya Ulaya ni maua ya Ulaya. Nikaishika hoja hiyo kwa muda wa mwaka mzima, mpaka aliponitembelea kijana mmoja niliyemfundisha darasa la sita, ambaye sasa ni mwalimu wa kemia sekondari. Nilimweleza nusu ya habari, ile isiyo na kaka ndani yake. Akatabasamu kama wanavyotabasamu wanafunzi wanapogundua kwamba leo mwalimu ndiye anayeuliza.

Akanieleza hivi. Moyo wa manukato ya L'Air du Temps ni ua liitwalo karnesheni, lile lenye petali zilizokatikakatika ukingoni, ambalo hata Kenya hulimwa kwa kuuzwa Ulaya. Ua hilo lina harufu yenye ukali wa viungo, lakini mafuta yake ni machache na ghali mno. Kwa hiyo watunzi wa manukato hawalikamui, hulitengeneza upya. Na kitu wanachoanzia kulitengeneza ni eujenoli pamoja na ndugu yake, isoeujenoli. Kisha huongeza waridi, asumini, na mlangilangi.

"Na hiyo eujenoli hutoka wapi?" nilimuuliza.

"Kwenye karafuu, Mwalimu. Mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa ni eujenoli. Pale Wawi, Pemba, kuna kiwanda kinachokamua makonyo kwa ajili hiyo hiyo."

Akaniambia pia jambo ambalo lilinichoma zaidi, kwa kuwa ni la lugha. Wajerumani, ambao walikaa Tanga hii hii yetu mpaka Vita vya Kwanza, ua lile na karafuu huviita kwa jina moja: Nelke. Harufu zake zimekaribiana kiasi hicho. Mimi niliyejigamba kwa sarufi, nilikuwa na jibu katika kamusi ya watu waliojenga stesheni yetu ya reli.

Sisemi kwamba karafuu iliyokuwemo katika chupa zangu ilichumwa Pemba. Inawezekana ilitoka Indonesia au Madagascar, ambako nako hukamuliwa mafuta mengi. Hilo halibadilishi kitu. Mtoto wa miaka tisa aliyekaa chini ya mti haulizi karafuu ni ya nchi gani.

Kijana alipoondoka nilikwenda jikoni nikachukua karafuu tatu, nimezinunua mwenyewe siku hizi ninapojipikia, nikazisaga kwa kisu. Nikaleta chupa. Nikanusa hii, nikanusa ile, nikapumzika, nikarudia. Mwanzo sikusikia ufanano wowote. Mara ya nne au ya tano, maua yote yale laini yakasogea pembeni kama watu wanaompisha mgeni, na karafuu ikawa imesimama katikati. Tangu hapo siwezi kunusa chupa ile bila kuikuta. Hata siku nikitaka kurudi kwenye ile Ulaya yangu ya mwaka 1983, siioni tena.

Kwa hiyo alikuwa sahihi, na alikuwa sahihi katika nusu dakika, kwa kiganja kimoja. Na kitenzi chake kilikuwa sahihi pia. Alisema yanuka kwa sababu alimaanisha yanuka.

Jambo lililoniweka macho usiku si kukosea. Mwalimu hukosea. Lililoniweka macho ni zile siku za kurudi safarini. Nilikuwa nikiingia mlangoni, naisikia harufu ile, nafurahi, nasema moyoni kwamba ameningojea. Sasa nilikuwa nikihesabu: Idi mbili kwa mwaka, harusi, safari zangu za semina. Mara ngapi alikaa chini ya mti ule kwa ajili ya kunifurahisha?

Binti yangu anaishi Dar es Salaam. Yeye huipenda ya njiwa kuliko manukato yote. Hujipulizia kila harusi, na husema wazi mbele ya watu kwamba hiyo ni harufu ya mama yake. Husema pia kwamba ya sasa ni nyepesi kuliko ile ya utoto wake, na katika hilo huenda hakosei, maana mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulitaka viungo 26 vinavyoweza kusumbua ngozi viandikwe kwenye boksi, eujenoli na isoeujenoli vikiwemo, na watengenezaji wa manukato wenyewe wamejiwekea mipaka, hivyo mengi ya zamani yametungwa upya. Binti yake, yaani mjukuu wangu wa chuo kikuu, ana maoni mengine: ni pafyumu ya kibibi, inanukia kabati. Yeye hupenda zile tamutamu zinazonukia kama keki. Nilimwambia kwamba mwanamke hapaswi kunukia kitu cha kuliwa. Akaniambia, "Babu, na iliki je?" Sikuwa na jibu.

Nilibishana na nafsi yangu muda mrefu kama nimweleze binti yangu habari ya karafuu au nimwache na harufu ya mama yake. Kumweleza ilikuwa ni kumnyang'anya. Kutomweleza ilikuwa ni kumfanyia kile nilichofanyiwa mimi, hata kama ni kwa wema. Mwaka jana alikuja likizo ya Desemba. Jioni moja, tumekaa barazani, nikamweleza yote, pamoja na kaka yule na kikapu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata.

"Najua, Baba," akasema. "Mama aliniambia nilipotaka kuolewa."

Nikamuuliza mbona basi yeye hujipulizia.

"Mimi sikuanguliwa na mti," akasema. "Mimi nilikuwa nikiisikia ukirudi safari. Nikiisikia najua leo kuna wali." Akacheka kidogo. Kisha akasema, "Tena Mama hakuwa akijitia mwilini. Hukuona? Alikuwa akipulizia ukingo wa kanga, ule wa chini, kisha anakwenda kukufungulia mlango. Mwilini alikuwa akijipaka asumini, ile ya chupa ndogo ya shangazi. Usiku kanga inatundikwa msumarini."

Nilinyamaza. Nilikuwa nikijaribu kukumbuka mto wetu, upande wake, zile wiki za kwanza baada ya mazishi kabla hawajafua foronya. Nilikuwa nimeunusa mto ule kama mwendawazimu. Nilikuwa nimeamini kwamba ninachonusa ni njiwa.

Shangazi mtu, yaani dada yangu wa mafuta, amezeeka sasa, lakini hajaacha mambo yake. Nilimtumia salamu kwamba ninahitaji chupa ndogo ya asumini. Akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni yangu. Alinicheka kwenye simu mpaka akakohoa, kisha akaileta mwenyewe, kwa daladala, imefungwa kwenye leso.

Ile ya njiwa, robo yake imekuwa kidole kimoja. Mjukuu ameniomba nikimaliza nimpe kizibo.